Nusu ya Mbele ya Gari

Jumatatu, 3 Machi

Talaka imetoka. Hakimu alisoma harakaharaka kama mtu anayesubiriwa nyumbani, akapiga muhuri, basi. Ndoa ya miaka yote ile imekwisha kabla sijapata pa kuweka kofia. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nzuri sana! Hakuna aliyeiulizia.

Mke wangu alitoka kabla yangu, akanishikia mlango. Nikasema asante. Sijui nimwite nani sasa. Kinyozi anasema neno sahihi ni mtalaka, lakini hilo neno linanikaa vibaya mdomoni. Nitaendelea kuandika mke wangu. Shajara ni yangu.

Sasa imebaki mali. Tutagawana mbele ya msuluhishi wiki ijayo. Vyombo achukue. Kabati achukue. Makochi achukue kwa mikono miwili, yana misumari. Ila gari! Mimi ni mwalimu wa udereva, na gari langu lina breki mbili. Moja ya mwanafunzi, na ya pili miguuni pa abiria, ambapo mwalimu hukaa. Pedali hiyo niliundiwa na fundi wa kuchomelea, mwenyewe, kwa mkono wake. Bila hiyo pedali mimi si mwalimu. Ni mtu anayepanda gari na watu wasiojua kuendesha.

Tena gari lenyewe ni langu nusu tu. Nusu nyingine ni ya dada yangu mkubwa, mshona mapazia. Tulinunua pamoja, majina yetu mawili yako kwenye kadi. Tukakubaliana tangu mwanzo: nusu ya mbele yangu, ya kufundishia, nusu ya nyuma yake, ya mapazia na vyuma vyake. Chuma kirefu hupita katikati ya viti mpaka kwenye gia. Wanafunzi wangu wengi wamejifunza kukata kona huku chuma cha pazia kikiwakuna sikio.

Swali ninalolala nalo: mke akiachika, anadai nusu ya nusu? Yaani robo? Na robo ipi? Akichukua upande wa usukani nimekwisha.

Jumanne, 4 Machi

Kwa kinyozi. Ameachana na wanawake watatu, kwa hiyo mambo ya talaka anayajua kuliko mawakili. Nywele zangu zimebaki chache, ikabidi azikate polepole ili ushauri utoshe.

Anasema nusu ya dada haiguswi na mtu, kwa sababu sikumwoa dada. Iliyo hatarini ni nusu yangu. "Basi usiwe na nusu," akasema, akapuliza wembe.

Jambo jepesi hivyo! Namwandikia dada nusu yangu, gari lote linakuwa lake. Kwa msuluhishi nafika mikono mitupu, macho ya huruma. Mambo yakipoa, dada ananirudishia. Tumezaliwa tumbo moja, ataenda nalo wapi?

Nilimuuliza kama yeye mwenyewe aliwahi kufanya hivyo na akafanikiwa. Akaniambia nigeuze kichwa upande wa pili.

Jumatano, 5 Machi

Kwa dada. Nilimkuta mezani, pini mdomoni, kitambaa cha kijani kimemfunika mpaka kiunoni. Dada huongea na pini mdomoni bila kumeza hata moja. Tangu utotoni namwogopa kwa sababu hiyo.

Nikamweleza mpango. Akauliza kwa nini nisimuulize wifi yake kama hilo gari analitaka. Nilicheka sana. Mtu hamuulizi adui anashambulia saa ngapi! Dada akatema pini moja, akasema wifi yake si adui wa mtu. Nikamkumbusha kwamba talaka imetoka, uwifi umekwisha. Akachomeka pini kwenye kitambaa.

"Mmeachana nyinyi," akasema. "Mimi sijaachana na mtu."

Halafu akauliza swali la ajabu. Je, nampa hiyo nusu, au namwekea? Nikamwambia kwenye karatasi tutaandika nimempa. Akasema karatasi aziache, anauliza mdomo wangu. Nampa au namwekea? Nilikuwa na haraka, mwanafunzi ananisubiri nje, gari linanguruma. Nikasema nakupa, dada, nakupa! Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye pazia lake.

Amekubali kirahisi. Kumbe watu ni wazuri ukiwaeleza vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Limekuwa lake. Karani wa kadi za magari aliuliza sababu ya kuhamisha umiliki. Nikasema mapenzi ya ndugu. Akasema kwa kazi yake hiyo hajawahi kuyaona, akapiga muhuri.

Nimetoka pale mwepesi! Sina kitu! Tulipokuwa tunarudi dada alikaa mbele kwa mara ya kwanza, akasema chuma kikae nyuma peke yake. Kwenye makutano akajaribu pedali ya pili. Tulisimama ghafla katikati ya barabara. Nikamwambia hiyo haichezewi. Akasema anaangalia mali yake.

Pale pale akapita Otomatiki na gari lake jipya. Ni mwalimu wa udereva wa mtaa wa pili, na tunamwita hivyo kwa sababu gari lake ni la otomatiki, halina klachi. Mimi nasema kufundisha kwenye gari la namna hiyo ni kufundisha watu kukaa. Akateremsha kioo, akanipa pole kwa yaliyonikuta nyumbani. Eti akasema anatafuta mwalimu msaidizi, nikikwama nimtafute. Nikikwama! Mimi!

Jumanne, 11 Machi

Sijui niandike vipi ya leo.

Nilivaa shati lenye kola iliyochakaa, kwa makusudi. Msuluhishi ni mama wa makamo, miwani yake ameifunga kamba shingoni, na feni ya ofisi yake inageukia upande wake tu. Mke wangu alikuja na mkoba mdogo. Alikuwa amesuka upya. Amependeza, hilo niliandike nisije nikasahau.

Msuluhishi akauliza tuna nini. Nikasimama kabla sijaambiwa, nikatangaza kwamba gari sina, ni la dada yangu lote, kadi hii hapa. Nikaiweka mezani. Feni ikazunguka.

Akaulizwa mke wangu anasemaje. Akasema hakuja kudai gari. Alikuja kusema libaki kwa baba watoto kwa sababu ndiyo kazi yake, na asingependa mtu aligawe. Alishamwambia wifi yake hivyo tangu mwezi uliopita.

Nikasema eh?

Msuluhishi akaitazama kadi, akanitazama mimi, akaitazama kola yangu. Akasema basi gari halimo kwenye mgawanyo, lina mwenyewe. Akaandika.

Halafu akauliza jambo ambalo nadhani halikuwa kazi yake. Akamuuliza mke wangu ilikuwaje mpaka tukafika hapo, maana haoni wizi, haoni kipigo, haoni mwanamke wa nje. Mke wangu akafikiri. Akasema, "Nimechoka kukunja miguu."

Nilidhani anatania. Akaeleza. Siku ya kwanza gari lilipotoka kwa fundi nilimwambia asiguse ile pedali, wala mguu wake usiikaribie. Basi tangu siku hiyo kila alipopanda alikunja miguu chini ya kiti. Harusini, msibani, hospitali kujifungua na hospitali kurudi. Aliniomba nimfundishe kuendesha, nikamwambia mwezi ujao. Alipoomba tena, mwezi ujao. Nimefundisha mtaa mzima, akasema, hata muuza magazeti, hata yule mzee asiyeona vizuri. Yeye bado yuko mwezi ujao.

Nilitaka kujibu kwamba pedali ile ni nyepesi mno na nilikuwa nalinda maisha yake. Msuluhishi akavua miwani. Nikakaa.

Jioni niliegesha gari nyumbani, nikahamia kiti cha abiria. Hukikalia kila siku nikifundisha, lakini miguu nimeinyoosha. Nikakunja miguu chini ya kiti nione hiyo taabu yenyewe. Goti likagota kwenye droo. Muda si mrefu mguu wa kulia ukafa ganzi, nikawa siwezi hata kushuka. Jirani akapita, akanisalimia, akauliza nasubiri nani.

Nimejisikia vibaya. Sina neno la kulipamba.

Jumatano, 12 Machi

Nimeamka na mawazo safi. Kama mke wangu halitaki gari, basi hakuna hatari. Kama hakuna hatari, dada anirudishie nusu yangu. Hesabu imenyooka!

Dada akasema, "Nilikuuliza unanipa au unaniwekea."

Nikamwambia ile ilikuwa lugha ya haraka. Akasema yeye hakuwa na haraka. Nikamkumbusha tulivyokula sahani moja, tulivyolala mkeka mmoja. Akakumbuka pia kwamba kwenye hiyo sahani nilikuwa nachora mstari katikati, halafu naula upande wangu, halafu nausogeza mstari. Dada ana kumbukumbu mbaya sana. Mbaya kwangu.

Anasema nije Ijumaa.

Ijumaa, 14 Machi

Amempa! Nusu ya mbele! Amempa mke wangu!

Kadi sasa ina majina mawili, dada na wifi yake. Nimeishika kwa mikono yangu. Nilikaa kwenye kochi la dada ili nisianguke, nikakalia pini. Nikaruka. Sikujua nalilia pini au nalilia gari.

Dada hakupandisha sauti. Akasema nilimpa zawadi, naye zawadi yake amempa anayemtaka, kosa liko wapi? Tena wifi mwenyewe alikataa, ikabidi abembelezwe. Nilikuwa naogopa kupoteza robo. Sasa nimepoteza lote, tena kwa muhuri niliouomba mwenyewe. Nikimfikiria kinyozi, kichwa kinawasha kila alipopitisha wembe.

Halafu dada akasema hawana nia ya kuniua njaa. Naweza kuendelea kufundisha kwenye gari lao, wiki nzima, ila Jumamosi na Jumapili. Lakini wana sharti. Mwanafunzi wa kwanza ni mwenye gari mwenyewe, mwenye nusu ya mbele. Nimfundishe mpaka apate leseni.

Nilijifanya natafakari. Moyoni nilikuwa nimeshakubali kabla hajafunga mdomo.

Jumamosi, 15 Machi

Kwa kinyozi, kumlaumu. Hakulaumika. Akasema hii ni bahati kubwa kuliko gari lenyewe, sijui tu kuiona. Mwanafunzi na mwalimu wanakaa pamoja kila siku, bega kwa bega, milango imefungwa. Wangapi walioachana wanapata nafasi hiyo? Ni kiasi cha kutokuwa na haraka. Mwanafunzi asiyejua bado anahitaji mwalimu.

Sina haraka! Nitamfundisha vizuri, polepole, kwa upendo, bila kufika mwisho. Wiki ya kwanza vioo peke yake.

Jumatatu, 17 Machi

Somo la kwanza. Alikuja na viatu bapa na kibao cha L ameshakibandika mwenyewe, kimenyooka kuliko ninavyobandika mimi. Anatumia sabuni ile ile.

Tukashughulika na kioo cha ndani. Akakirekebisha mara moja, akasema tayari. Nikasema kioo hakitaki haraka. Nikaeleza kioo ni nini, kwa nini kipo, watu waliendeshaje kabla ya vioo. Akasikiliza kwa adabu. Kisha akasema amenitazama nikiangalia hicho kioo tangu tuoane, nadhani anakijua.

Akanyoosha miguu mpaka mwisho, kwenye pedali zake tatu. Akaisogeza kidogo, akaitazama.

"Kumbe huku kuna nafasi," akasema.

Mimi nilikuwa upande wa pili, mguu juu ya breki yangu. Gari lilikuwa limezimwa. Bado niliikanyaga.

Jumatano, 19 Machi

Ameondoa gari bila kuzima! Mara ya kwanza! Katika kazi yangu yote sijaona mwanafunzi ambaye gari halikumzimikia mara ya kwanza. Hata mimi lilinizimikia, tena mbele ya wakwe.

Nikakanyaga breki. Akauliza kuna nini. Nikasema kuku. Akaangalia mbele, akaangalia vioo vyote vitatu kwa mpangilio sahihi kabisa, akasema haoni kuku. Nikasema ameshapita. Mtaa wa pili nikakanyaga tena. Akauliza tena kuku? Nikasema ndugu yake.

Akacheka! Alicheka mpaka akaegemea usukani na honi ikalia. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu alicheka ndani ya gari hili. Mimi nilikuwa nalitumia kwa kelele: kanyaga, achia, angalia, nimekwambiaje. Alipokuwa anacheka nilitamani tusimame pale barabarani hadi magari yote yatuzunguke.

Niliporudi nikaandaa ratiba mpya. Kurudi nyuma peke yake: miezi miwili.

Jumanne, 25 Machi

Amefaulu.

Hakuniambia. Kumbe kila alfajiri dada alikuwa anatoka naye, akikaa kwenye kiti changu na pini zake mdomoni, akisema neno moja tu: endelea. Leo wakaenda mtihani. Akarudi nyuma kati ya mapipa bila kugusa hata moja. Ofisa wa leseni akauliza amefundishwa na nani. Akajibu mume wake wa zamani, kwa miaka mingi, yeye akiwa amekaa pembeni.

Dada ndiye aliyenisimulia. Nilimwomba arudie hilo jibu. Alirudia. Nikamwomba tena, akasema nenda nyumbani.

Otomatiki amesikia. Amenipongeza kwa kutoa dereva mzuri. Nilitafuta dharau katika sauti yake nikaikosa, na hilo limeniudhi zaidi.

Alhamisi, 27 Machi

Habari kubwa! Jumapili mke wangu anaendesha kwenda chuoni kumwona binti yetu. Kiti cha abiria kiko wazi. Nikitaka niende.

Sharti moja, dada amelileta mwenyewe mpaka mlangoni. Nikunje miguu. Nisiguse ile breki, kwenda wala kurudi. Nikiweza, wifi yake amesema kila Jumapili tutakuwa tunakwenda wote, na gari litaendelea kuwa la kufundishia, nami mwalimu wake. Nisipoweza, watajua la kufanya. Safari hii dada alitoa pini zote mdomoni kabla ya kuongea.

"Hii ni nafasi yako, mdogo wangu. Usiiharibu."

Kwani mimi nilishaharibu nini?

Nimefanya mazoezi kwenye kiti cha kinyozi, wateja wakisubiri. Kinyozi anaamini mguu wa mwalimu una akili zake, hauzuiliki kwa nia peke yake. Ufungwe. Nimechukua utepe wa kufungia mapazia kwenye mabaki ya dada. Nitafunga vifundo vya miguu kwenye chuma cha chini ya kiti, suruali ndefu itaficha. Hakuna atakayejua. Atadhani nimebadilika.

Jumapili, 30 Machi

Nilifika mapema, nikajifunga mwenyewe kabla hajatoka ndani. Utepe wa rangi ya dhahabu, una shada la nyuzi mwishoni. Nikalificha shada ndani ya soksi.

Nataka kuandika vizuri sehemu ya kwanza, kwa sababu ilikuwa nzuri. Aliendesha kwa utulivu, kioo kimefunguliwa, kitambaa chake cha kichwa kinapepea. Mji ukaisha, mashamba yakaanza. Akaniambia mambo ambayo sikuyajua. Kwamba binti yetu amebadilisha masomo. Kwamba yeye mwenyewe anaogopa ngazi za benki. Kwamba tulipokuwa tunasafiri zamani alikuwa anahesabu nguzo za umeme ili asiwaze miguu. Nikauliza zilikuwa ngapi. Akasema alikuwa anapoteza hesabu kila nilipopiga honi.

Akaniuliza kama miguu inauma. Nikasema kidogo. Akasema, "Utazoea," halafu akanitazama kwa pembe ya jicho, tukacheka wote wawili kwa wakati mmoja. Kwa kitambo kile sikuwa na mpango wowote kichwani. Nilikuwa nimekaa tu na mke wangu ndani ya gari.

Geti la chuo lilikuwa linaonekana. Barabara nyeupe, tupu, imenyooka. Upepo ukainua mfuko wa plastiki, mweusi, ukavuka barabara polepole mbali mbele yetu.

Sikuamua. Naapa sikuamua. Utepe ukakatika, mshono wa dada yangu mwenyewe, ambao haujawahi kukatika kwenye dirisha la mtu. Breki ikashika. Chuma cha pazia kikatoka nyuma kikapita kati yetu na kugonga redio. Mfuko wa machungwa tuliyombebea binti yetu ukafunguka, yakawa yanabingirika chini ya viti moja moja.

Mke wangu akaweka gia huru, akavuta breki ya mkono, akawasha taa za tahadhari. Yote kwa mpangilio. Kisha akauliza, bila ukali wowote, ilikuwa nini.

Nikasema mfuko.

"Niliuona," akasema. "Niliuona tangu mbali."

Akainama kuokota machungwa, akaliona shada la dhahabu limening'inia kwenye kiatu changu. Afadhali angekasirika. Aliondoa tu uzi uliokwama kwenye suruali yangu, kama alivyokuwa akifanya kabla sijatoka kwenda kazini, akaendelea kuokota.

Binti yetu alikuwa anatusubiri getini. Alitutazama tukishuka, mmoja huku mmoja kule, akachukua machungwa. Kurudi nilikaa nyuma na mapazia.

Jumatatu, 31 Machi

Asubuhi dada ameleta kifurushi kimefungwa kwa kipande cha kitambaa cha kijani. Ndani yake pedali. Breki yangu ya pili, imekatwa safi kwenye shina. Wamemwita fundi yule yule aliyeiunda. Gari sasa ni la mapazia na la familia. Halifundishi mtu tena.

Ameleta pia salamu. Wifi yake anasema asante kwa mafunzo yote, hana kinyongo. Anakwenda chuoni kila Jumapili. Mbele sasa kuna nafasi ya mtu kukaa anavyotaka, maana hakuna tena cha kukanyaga. Nikitaka niende naye, nisipotaka basi. Dada akasubiri nijibu. Nikamwambia nitamjulisha. Akasema nimjulishe wifi, si yeye, akaenda zake.

Nimekaa na pedali mezani tangu asubuhi. Mpira wake umelika upande mmoja, upande wa kidole gumba cha mguu wangu. Nimeutazama mpaka macho yakauma. Nimempoteza kwa kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Laiti ningemwambia siku ile ya kwanza, kaa, nyoosha miguu, ukiigusa tutasimama kidogo halafu tutaendelea. Ni maneno machache. Nilikuwa nayo yote.

Alasiri nikaiweka sakafuni chini ya meza, nikaikanyaga. Haikusimamisha kitu, lakini mawazo yakaanza kukaa sawa. Kosa lilikuwa wapi hasa? Nimelipata. Fundi aliiweka katikati mno! Ingekuwa pembeni, karibu na mlango, yasingetokea yote haya.

Nimekwenda kwa fundi. Anasema kurudishia ni kazi ndogo, tena inaweza kulala chini ya zulia, mtu asiione. Dada huacha gari nje Jumanne akiwa anapima madirisha ya watu. Kesho ni Jumanne! Nimemsisitizia fundi aisogeze kabisa kwenye mlango, ili Jumapili mke wangu akichoka kuendesha, tukabadilishana viti, aweze kunyoosha miguu.